Fausta wa Maganda

Hasira za Fausta hazikuanza na bomba la shemeji yake. Zilianza mapema zaidi, mwaka ule bwana shamba alipoacha kuja. Fausta alipoolewa katika kitongoji hiki cha juu ya Dongobesh, bwana shamba alikuwa anapanda mlima kwa pikipiki ya serikali, anaingia shambani kwako, anachuma jani, analigeuza, anakwambia huyu mdudu anaitwa hivi na dawa yake iko ghala la ushirika. Kikaja kipindi cha soko huria. Ghala likafungwa, pikipiki ikaozea nyuma ya ofisi, na bwana shamba mwenyewe akaonekana mara ya mwisho mnadani akiuza mbegu za kabichi. Watu wakaambiwa kwamba sasa kila mtu yuko huru kununua anachotaka kwa anayemtaka. Fausta alikuwa na nusu eka ya maharage iliyojaa wadudu mafuta, na huo uhuru hakuona pa kuushika.

Wenye maduka waliona pa kuushika. Kwa msimu mmoja tu Dongobesh yalifunguliwa maduka matatu ya pembejeo, na moja lilikuwa la Nicodemo, kaka mkubwa wa Basili, mume wa Fausta. Nicodemo alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye mashamba makubwa ya ngano kule Hanang. Kazi ilipokwisha alirudi nyumbani na vitu viwili: bomba la kunyunyizia dawa, lile la kubeba mgongoni, na uso wa mtu anayejua kila kitu. Chupa za dukani kwake zilikuwa na maandishi ya Kiingereza madogo kama mayai ya chawa. Ukimuuliza kipimo leo, ni vifuniko viwili kwa ndoo. Ukirudi kesho, ni vitatu. Dawa nyingine alizimimina kwenye chupa za soda, bila jina, bila tarehe, akakukabidhi kama anayekupa maji ya kunywa. Watu walinyunyiza asubuhi, jioni wakachuma mboga hizo hizo wakala. Yote hayo yalifanyika mchana kweupe, na hakuna aliyeitwa barazani kujieleza. Nalisema hili mapema ili msomaji alikumbuke, maana mbele ataona ni nani aliyeitwa.

Saumu, kile kitunguu chenye harufu kali, ndiyo iliyoleta malori. Wanunuzi walikuja kutoka mbali, wakakodi uwanja kando ya barabara, wakaajiri akina mama kuisafisha. Kazi yenyewe ni kukata majani na mizizi, kupukuchua maganda ya nje, kutenga vitunguu vilivyooza, kisha kujaza magunia. Gunia jeupe lenye sura nzuri lilipanda lori. Kila kilichobaki kilitupwa pale pale. Kufikia mwezi wa kumi lundo lilikuwa limeipita nyumba kwa urefu. Upepo uliyapeleka maganda mpaka mlangoni mwa kanisa, mvua iliusukuma uozo mpaka kijitoni, na wanunuzi walikuwa wameshaondoka. Waliotuachia uchafu wao hawakuwahi hata kuomba radhi.

Fausta alifanya kazi pale misimu miwili, vidole vikimwasha kama vimechomwa. Ni pale alipoona jambo ambalo wengine walilipita. Kando ya lundo alikuwapo mama mmoja aliyelima kabichi. Kabichi za jirani zake zilikuwa zimekunjamana kwa wadudu. Za huyo mama, zile zilizopakana na lundo, zilikuwa zimefunga vizuri, majani safi. Fausta aliinama akazikagua moja moja. Jioni alipanda mlima na gunia la maganda mgongoni.

“Mama Gerald,” Basili alimwuliza, “saumu yenyewe iko wapi?”

“Ndiyo hii.”

“Hii si takataka?”

“Basi usiiguse.”

Sitaki kumpamba. Watu wakisimulia habari za Fausta siku hizi hupenda kusema alikuwa na maono. Maono yapi? Alikuwa na hasira. Alikasirika kwamba aliambiwa anunue sumu asiyoweza kuisoma, wakati barabarani kulikuwa na mlima wa kitu ambacho wadudu walikikimbia. Msimu wa kwanza aliloweka maganda kwa maji ya moto, akanyunyiza makali mno, na majani ya maharage yakaungua pembeni kama karatasi iliyopitishwa kwenye moto. Msimu wa pili alizimua mno, wadudu wakaendelea kula kwa raha zao. Msimu wa tatu alichimba mfereji kwenye sakafu ya zizi, mkojo wa ng’ombe ukawa unajikusanya kwenye shimo, akauchanganya na maji, akaloweka humo maganda na mabua ya saumu siku tisa, akatia majivu ya jikoni na kipande cha sabuni ya mche ili dawa ishike kwenye jani. Akachuja kwa kitenge kilichochakaa. Hakuwa na bomba, kwa hiyo alichovya fungu la matawi kwenye ndoo akawa anarashia mstari kwa mstari, na wenzake walicheka wakasema mke wa Basili amekuwa padri, anabariki maharage.

Maharage yale yalibeba. Wadudu mafuta walidondoka siku ya pili, na waliorudi aliwarashia tena.

Kwa kuwa saumu huvunwa kiangazi na wadudu huja masika, Fausta alikausha maganda na kuyahifadhi kwenye magunia darini, juu ya moshi wa jiko. Nyumba ilinuka. Yeye mwenyewe alinuka. Kanisani watu walisogea wakamwachia nusu ya benchi, na jina la Mama Maganda likamganda. Alikaa kwenye nusu benchi yake, mgongo umenyooka, akaimba kwa sauti kuliko wote. Mwanamke wa kwanza kuja kuomba alikuja kwa kificho, kapu limefunikwa. Wa tatu na wa nne walikuja bila kificho. Baada ya miaka mitano kulikuwa na kaya kumi na moja zenye pipa au chungu chake nyuma ya zizi, na Fausta alikuwa amekwenda kila moja kuonyesha kipimo, bila kudai hata yai.

Manyara ilipofanywa mkoa, wageni wawili walikuja kwa gari jeupe kutoka Babati. Walipiga picha na pipa. Wakamwambia mama unafanya kazi nzuri sana, wakachota dawa kwenye chupa ya maji ya kunywa, wakaandika jina lake vibaya, wakaahidi kurudi na mtaalamu. Alichinja jogoo kwa ajili yao. Mpaka leo hawajarudi, na ukimtajia Fausta neno mtaalamu anakuuliza kama umeshakula, maana yeye hana kuku tena.

Sasa nije kwa Tekla.

Tekla alikuwa mjane wa watoto wanne, rafiki wa Fausta tangu siku za kipaimara. Hakuwa na ng’ombe hata mmoja. Alikuwa na eka moja ya maharage, na eka hiyo ndiyo iliyokuwa chakula cha nyumba yake mwaka mzima. Mwezi wa nne mwaka 2005, maharage yakiwa yanatoa maua, wadudu walilivamia shamba mpaka mashina yakawa meusi. Tekla alikuja kwa Fausta akakaa kwenye kigoda.

“Dada, nisaidie,” alisema. “Nikikosa haya, sina kingine.”

Dawa ilikuwapo, mapipa mawili. Lakini eka nzima kwa fungu la matawi ni kazi ya siku nne au tano, na wadudu hawangesubiri. Kulikuwa na sababu nyingine pia, na Fausta mwenyewe huikiri bila kuulizwa. Alikuwa amechoka kuchekwa. Shamba la Tekla lilikuwa kando ya njia ya kwenda kanisani. Alitaka kitongoji kizima kimwone anatembea na bomba mgongoni kama mtu wa kazi, si kama mke wa Basili anayebariki maharage. Kwa hiyo alifunga khanga vizuri akaenda kwa shemeji yake.

Kitongoji kizima kilikuwa na bomba moja tu, nalo lilikuwa la Nicodemo. Lilitumika kwa kila kitu. Asubuhi linanyunyizia ng’ombe dawa ya kupe, mchana liko kwenye nyanya za mtu, kesho yake liko kwenye ngano. Aliyelihitaji alilipia kwa siku moja ya jembe shambani kwa Nicodemo. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na hakuna aliyeona ajabu.

“Shikamoo shemeji.”

“Marahaba. Leo Mama Maganda amekuja kwetu sisi wa sumu?”

“Nimekuja kuomba bomba. Nitalima Jumatatu.”

Nicodemo alilitazama bomba lililokuwa limeegemea ukuta. Akamtazama Fausta.

“Limeoshwa?” Fausta aliuliza.

“Limeoshwa. Chukua.”

Alilisuuza tena kwa ndoo nzima ya maji kwa Tekla, akamwaga, akajaza dawa yake. Walinyunyiza kutwa, mmoja akibeba, mmoja akichota. Watu waliopita njiani walisimama kutazama, na Fausta alifurahi sana siku ile. Jioni alilirudisha bomba kwa mwenyewe.

Siku ya nne Tekla alikuja anapiga kelele toka mbali. Fausta alidhani mtoto amekufa. Walikimbia wote wawili mpaka shambani. Maharage yalikuwa yamejisokota. Mashina yamepinda yakajizungusha, majani yamejikunja kama viganja vya mtu anayeomba maji, maua yamedondoka chini. Eka nzima, kutoka kona hadi kona.

“Umeniua, Fausta,” Tekla alisema. “Wewe na uchafu wako. Umeniulia watoto.”

Kwa siku mbili Fausta aliamini kabisa kuwa ni yeye. Alijaribu kukumbuka kama amezidisha mkojo, kama saumu iliyooza ilikuwa nyingi, kama majivu yalikuwa ya mti mbaya. Alikwenda kwa Tekla na debe la mahindi. Tekla aliliacha nje ya mlango, na kuku wakaanza kulidonoa.

Hapo Nicodemo akaanza kuzungumza. Dukani, njiani, kwenye ngazi za kanisa. Alisema aliwaonya. Alisema dawa ni elimu, si mambo ya kuokota jalalani. Wito ukaja: Ijumaa wazee wa kitongoji watakaa, na Fausta afike. Walisema wazi nini kitaamuliwa. Mapipa yake yamwagwe kabla ya Jumapili, na ya zile kaya nyingine kumi na moja, na asirudie tena kugusa shamba la mtu. Miaka kumi ya kazi yake ilikuwa inangoja Ijumaa hiyo.

Jumatano asubuhi alikwenda peke yake kwa Tekla, kuliangalia shamba kwa mara nyingine. Hakujua anatafuta nini. Alitembea kati ya mistari, akachuchumaa. Dawa ya saumu ikizidi, jani huungua pembeni. Hilo alilijua kwa kulipia msimu mzima. Haya hayakuungua. Yalijisokota. Mchicha pori nao ulikuwa umejisokota vile vile. Lakini nyasi, katikati ya uharibifu wote ule, zilikuwa zimesimama wima, kijani kibichi. Mahindi machache yaliyojiotea hayakuwa na hata doa.

Fausta alibaki amechuchumaa pale. Alipokuwa msichana alikwenda na mama yake misimu mitatu kuokota masalio kwenye mashamba ya ngano ya Hanang. Huko aliona dawa iliyonyunyizwa juu ya shamba zima, ngano ikabaki imesimama, na magugu ya majani mapana yote yakajisokota hivi hivi. Ngano ni ndugu wa nyasi. Dawa ile haiigusi.

Nicodemo alikuwa na robo tatu ya eka ya ngano nyuma ya nyumba yake.

Hasira zilipanda mpaka zikamziba masikio. Alitaka kwenda pale pale dukani akamshike mtu shati. Basili alimkuta njiani akamrudisha nyumbani, akamwambia maneno ambayo Basili huyasema siku zote: yule ni kaka yangu, tusiaibishane, mwenye hekima hunyamaza. Fausta alimwambia anyamaze basi yeye, kwa kuwa hekima anayo. Na Basili akanyamaza mpaka Ijumaa.

Wazee walikaa uani kwa Mzee Margwe, aliyekuwa mkubwa wao. Nicodemo alizungumza kwanza, na alizungumza vizuri, kwa majina ya dawa marefu. Tekla alikuwapo, ameinamia mikono yake. Zamu ya Fausta ilipofika alisimama, akasalimia wazee wote shikamoo, mmoja mmoja kama inavyotakiwa, sauti ikimtetemeka kwa hasira na wao wakidhani ni hofu.

“Baba, sina maneno mengi,” alimwambia Mzee Margwe. “Naomba bomba liletwe. Sasa hivi, kabla mtu hajasimama.”

“La nini?”

“Tulitie maji matupu ya kisimani. Nina matuta mawili ya maharage hapa jirani. Moja nitalinyunyizia maji kwa bomba la shemeji. La pili nitalirashia dawa yangu kwa matawi, na ukali wake niuzidishe. Mungoje siku nne. Tuta la dawa yangu likijisokota, mapipa nitayamwaga mwenyewe, na jina langu mlifute.”

Nicodemo alisema huo ni upuuzi, watu wana kazi. Mzee Margwe alikuwa tayari ametuma vijana wawili. Walirudi na bomba, na lilikuwa linadondosha maji. Limelowa nje na ndani, mpira wake umelowa, limesuguliwa kwa majani ya mkonge mpaka linang’aa. Hakuna mtu aliyelikodi wiki ile. Kila mtu pale uani alilijua hilo, kwa sababu bomba la Nicodemo likitoka, kitongoji kizima huambiana.

“Nicodemo,” Mzee Margwe aliuliza polepole, “leo ulikuwa unanyunyizia nini?”

“Nimeliosha tu. Ni usafi.”

“Usafi huu umekuja leo?”

Kuna mzee mmoja alicheka. Nicodemo hakucheka.

Walinyunyiza mbele ya wazee wote. Matuta yakalindwa, Mzee Margwe mwenyewe alihamishia kigoda chake karibu akawa anaota jua hapo. Dawa ile ya ngano ina roho ngumu, inakaa ndani ya mpira na kwenye vali, na maji ya mtu mwoga anayeosha mara moja asubuhi haiyajali. Siku ya tatu tuta lililopewa maji matupu lilikuwa limejisokota, si kwa ukali wa shamba la Tekla lakini kila mwenye macho aliliona. Tuta lililopewa dawa ya Fausta lilikuwa na ncha chache zilizoungua, na maua yake juu.

Mnadhani mambo yaliisha hapo? Fausta alidhani hivyo.

Nicodemo alisema alisahau. Bomba lilitoka kwenye ngano, akasahau, binadamu huteleza. Wazee wakaamua ampe Tekla magunia mawili ya maharage, naye akatoa, ingawa moja lilikuwa la mwaka uliopita, limetobolewa na wadudu. Wakaamua mapipa ya Fausta yabaki. Na kwa kuwa sasa kulikuwa na ugomvi kati ya nyumba mbili za ndugu, wakaamua pombe ya kupatana ipikwe, kila mtu atoe yaliyo kifuani, wanywe kibuyu kimoja, yaishe. Ipikwe na nani? Mwanamke wa nyumba ya mdogo. Yaani Fausta.

“Mimi?” alisema.

“Ndiyo desturi, mwanangu.”

“Nioteshe kimea mimi, nisage mimi, nibebe kuni, nikoroge siku mbili, nimchujie mtu aliyenipaka matope kitongoji kizima? Baba, nakuheshimu. Hiyo pombe atapika Nicodemo kwa mikono yake. Vinginevyo haipikwi.”

Pombe hupikwa na wanawake. Hakuna mzee pale aliyewahi kumwona mwanamume ameshika mwiko wa pombe, na Basili alitamani ardhi immeze. Walimsihi. Wakamtisha kidogo. Alitingisha kichwa tu, akachukua fungu lake la matawi akaondoka.

Mwaka mzima ukapita hivyo. Kwetu nyumba zenye ugomvi ambao haujanywewa pombe haziazimani moto. Watoto hawali kwenye sahani moja. Nicodemo alipita mbele ya nyumba ya mdogo wake akitazama upande wa pili. Tekla alirudi kwa Fausta, taratibu, kwanza kwa salamu, kisha akaja na jembe bila kuitwa akachimba shimo la pipa la tatu. Kuhusu yale maneno ya shambani hakusema kitu. Fausta naye hakuyataja, ingawa yalimuuma kuliko yote ya Nicodemo, kwa kuwa Tekla aliyasema akiyaamini.

Halafu Bernadina, binti wa Nicodemo, akachumbiwa na kijana wa Endagikot. Binti hatoki nyumbani bila wazee kumbariki, na wazee hawabariki nyumba yenye ugomvi wa ndugu uliofunguka wazi. Mzee Margwe alimwambia Nicodemo hivyo bila kuzunguka. Juliana, mke wake, alijitolea kupika yeye. Fausta akatuma jibu kwa maneno matano: mikono ya Nicodemo, si yako.

Basi Nicodemo alipika. Aliloweka ulezi, akauotesha chini ya majani, akauanika, akausaga kwenye jiwe akiwa amepiga magoti, uani kwake, wanawake wa kaya kumi na moja wakiwa wamekaa ukutani na kazi zao za kusuka mikeka, wakimtazama. Walimfundisha kwa ukarimu mkubwa. Kaza kiuno, baba Bernadina. Moto unazimika, baba Bernadina. Hivi kipimo ni vifuniko viwili au vitatu? Moshi ulimwingia machoni akalia machozi, na mmoja akamwuliza kama pombe imemgusa moyo. Fausta alikuwa amekaa katikati yao, hacheki. Angependa kucheka. Kicheko hakikuja.

Siku ya saba walikusanyika. Mzee Margwe alishika kibuyu, akasema ile desturi ambayo wote waliijua: anayekunywa huku ameficha kitu kifuani, anamnywea mabaya yule anayebarikiwa. Bernadina alikuwa amekaa chini mbele yake, kitambaa kipya kichwani.

Nicodemo alimtazama binti yake.

“Nilijua,” alisema.

Mzee Margwe aliinamisha sikio. “Ulijua nini?”

“Nilijua bomba lina dawa ya ngano. Nilimwambia limeoshwa, nikamwona anatoka nalo. Watu walikuwa wameanza kuniacha, duka limelala. Nikasema moyoni, acha shamba moja liharibike, wataona wenyewe, watarudi. Sikusahau.”

Juliana alijifunika uso kwa khanga. Basili aliyesema mwenye hekima hunyamaza alisimama, kisha akakaa, kisha akasimama tena. Fausta alikuwa ameyajua maneno hayo mwaka mzima, ameyasema mwenyewe kichwani mara elfu, na bado yalipotoka kinywani mwa mtu yalimchoma upya. Alifungua mdomo aseme yote aliyoyaweka. Tekla alimtangulia.

Tekla hakupandisha sauti. Alisimama alipokuwa, nyuma kabisa, karibu na mlango wa zizi.

“Kanisani tunakaa benchi la jirani,” alimwambia Nicodemo. “Kila Jumapili, mwaka mzima, padri akisema tutakiane amani, unageuka unanipa mkono. Wanangu nao unawapa. Ulikuwa unatupa nini?”

Walingoja jibu. Mzee Margwe alingoja, kibuyu mkononi. Mbuzi alilia mahali, mtu akamfukuza. Nicodemo alitazama pombe yake, nyeupe, iliyochacha kidogo, na mwishowe mzee akampa kibuyu Fausta kwa sababu ilibidi mtu anywe.

Fausta alikunywa fundo moja, kwa ajili ya Bernadina, akasema hivyo kwa sauti ili lisije likaeleweka vinginevyo. Tekla hakunywa. Binti alibarikiwa, akaolewa, ana watoto watatu, na mume wake hutuma gunia tupu Dongobesh kila mwezi wa kumi lijazwe maganda.

Nicodemo bado anasali kanisa lile lile, benchi lile lile. Padri akifika pale pa kutakiana amani, huwa anainama chini kufunga kamba za viatu, anafunga polepole mpaka watu wamekaa. Viatu vyake havina kamba.